Mwaka Niliokuwa Mke wa Kisirani

Papa Anselme alipofariki, jamaa zake walimlilia Ruashi, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe kidogo kidogo na kuiacha kuta zake hazijapigwa plasta. Nilifika siku ya pili ya kilio, jua limesimama juu ya vichwa. Wanawake walikuwa wamekaa chini sebuleni, viti vyote vimetolewa nje. Wanaume walikuwa kwenye lupango, ule uwanja wa nyumba uliozungushiwa ukuta, chini ya turubai la bluu. Nilimshika mjane mikono, nikalia naye, kisha nikatoka kutafuta hewa. Mwisho wa turubai nikaona mzee mkubwa wa mwili amekaa peke yake, amevaa koti zito katika joto lile, uso ameukunja kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla ya kushiba. Sikumtambua kwa nywele, maana zilikuwa zimeisha. Sikumtambua kwa umbo, maana mabega yalikuwa yamelegea. Nilimtambua kwa mkunjo ule wa uso. Alikuwa Kalenga. Zamani, kwa muda wa mwaka mmoja, watu wa Lubumbashi waliniita mke wake, na hatukuwa tumeoana.

Nilizaliwa wapi na nani alinilea, hayo hayana kazi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nakaa kwa shangazi yangu Makomeno, nafundisha watoto wadogo kuimba na kuhesabu, na kinywa changu hakikujua kupumzika. Papa Anselme alikuwa mwalimu pia, na jioni aliongoza kundi la michezo ya kuigiza. Siku moja alinisikia nikigombana na mwanamke wa sokoni juu ya mboga zilizonyauka. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mutoto yangu, hii kinywa yako inaomba kazi. Kuya kesho nyuma ya parokia."

Nyuma ya parokia kulikuwa na chumba cha kuwekea mabenchi yaliyovunjika. Kilinuka nta ya mishumaa na mavi ya popo. Bati lilikuwa na tundu, na mvua ilipokuja tulihamia upande mmoja kama kuku. Humo ndimo tulifanya mazoezi, na pembeni ya mlango Mama Juliane, mke wa Papa Anselme, aliweka mbabula yake ya makaa na kutupikia. Sijui mpaka leo alikuwa anafanyaje, lakini kila jioni kulikuwa na bukari ya moto, ndiyo ugali wetu, mboga ya lengalenga yenye karanga, na mara moja moja bitoyo, samaki wale wa chumvi ambao harufu yao ilitangulia kuingia kuliko sisi. Tulikula wote kwenye sinia moja, tumechuchumaa, huku Papa Anselme akitusomea maneno ya mchezo na kumeza kwa wakati mmoja.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Seremala wa majeneza na mwanamke anayeoka keki za arusi wanapanga katika lupango moja, na mlango wa barabarani ni mmoja. Wafiwa wanaingia kwa mwanamke, maharusi wanaingia kwa seremala, na siku moja keki ya arusi inakutwa ndani ya jeneza. Wanagombana tangu asubuhi mpaka jioni. Seremala, ambaye watu wanamwita Kisirani, anamtukana mwanamke kwa sababu ya moshi, kwa sababu ya nzi, kwa sababu ya kucheka. Lakini akiwa hayupo, anamtengenezea meza, anamzibia sufuria, anamfukuzia mbwa. Mwanamke anajua na hasemi. Mwisho, seremala analeta ubao wake mzuri kuliko zote, alioutunza kwa jeneza la tajiri mmoja, na kusema ametengeneza kitanda, kipana, cha watu wawili, na kama mwanamke hakitaki basi wakichome.

Mimi nilikuwa wa keki. Siku ya kwanza Papa Anselme alinipeleka mbele ya Kisirani wake, fundi wa matangi ya chuma aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, masizi mpaka kwenye kope. Kalenga aliniangalia kutoka miguu mpaka kichwa.

"Huyu njo muke ya kuoka keki?" alimwuliza Papa Anselme. "Hii mikono haiwezi hata kusonga bukari."

"Na ile uso yako," nikamjibu, "inafanya bafu ndani ya jeneza banafufuka banakimbia."

Mama Juliane aliangusha mwiko kwa kucheka. Kalenga hakucheka. Alinikazia macho kinywani, muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa, kisha akasema, "Bon. Inaweza." Nilidhani ananidharau. Nilirudi nyumbani nikamwambia shangazi kwamba nimekutana na mwanaume mbaya kuliko wote wa Haut-Katanga.

Wiki hiyohiyo mvua ilinyesha, na tone likawa linanipiga shingoni kila nikisimama mahali pangu. Jioni iliyofuata tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha bati kilichopigwa vizuri, misumari imepangwa kama meno ya mtoto. Niliuliza ni nani, kila mtu akatazama pembeni. Nilimfuata Kalenga nikamshukuru.

"Ilikuwa inaleta kelele," alisema, akaniacha nimesimama.

Nimeolewa na kuozesha watoto tangu wakati ule, na nimewaona wanaume wanaosema maneno matamu kama asali ya Lukafu wakaacha nyumba inavuja. Kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba nilichelewa kumpenda. Baada ya bati ilikuwa kiatu changu, ambacho aliniambia kinamkera macho, akakichukua na kukirudisha kimeshonwa. Baada ya kiatu, alianza kunisindikiza mpaka karibu na kwa shangazi, akitembea hatua moja mbele na kulalamika njia nzima kwamba nakaa mbali. Nilikuwa naongea, yeye kila mara anageuka nyuma kunitazama, na mimi nikafikiri, maskini wangu, kwamba anageuka kwa ajili ya uzuri wangu.

Tulipoonyesha mchezo mara ya kwanza katika ukumbi wa parokia, watu walicheka mpaka wakashikana. Kesho yake sokoni wanawake walinipigia kelele, "Muke ya Kisirani, bwana yako iko wapi?" Tukaitwa kwenye kumbi za mitaa mingine ya mji, Kenya, Katuba, hata Kamalondo. Kila baada ya mchezo Kalenga alinivuta pembeni na kuniuliza swali lilelile, kwa ukali, kama polisi.

"Balicheka?"

"Balicheka sana."

"Pa keki ndani ya jeneza?"

"Hapo njo balilia kabisa."

Alitikisa kichwa, akaenda. Niliona ni majivuno ya mtu anayetaka kusifiwa mara mbili.

Halafu yakaanza mambo madogo. Alikuwa anaanza kusema watu wakiwa bado wanacheka, maneno yanapotea, na Papa Anselme anashika kichwa. Siku moja Papa Anselme alibadilisha jinsi ya kusimama, akaniambia nimpe Kalenga mgongo nikikoroga unga. Nilisema langu, jibu halikuja. Nikasema tena. Kalenga akapiga meza: "Geuka! Mimi siongee na mugongo." Papa Anselme naye akakasirika, wakaachana vibaya.

Jioni ile nilikuwa naosha sinia nje, nyuma ya ukuta, na Mama Juliane na mume wake walikuwa ndani wanazima makaa.

"Ule muntu iko na kiburi," Papa Anselme alisema. "Nitatafuta mwingine."

"Haiko kiburi," Mama Juliane akajibu polepole. "Juzi nilikuwa nyuma yake na chakula. Nikamuita, nikamuita. Mabenchi yote ikaanguka nyuma yake, bantu bote bakaruka. Yeye alikuwa nafunga kamba ya kiatu. Hakuinua hata kichwa."

"Anajifanya tu," Papa Anselme akamkatiza, akamwaga maji juu ya makaa. Maji yalinitiririka mikononi mpaka kwenye viwiko. Nilikumbuka macho yake kinywani mwangu siku ya kwanza, na jinsi alivyogeuka njia nzima ya Makomeno. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ananisikiliza.

Kesho yake nilimfuata kazini. Ilikuwa karakana ya bwana mmoja, karibu na reli, na kabla sijafika mlangoni meno yangu yalikuwa yanatetemeka. Wanaume walikuwa ndani ya matangi, wanapiga chuma kwa nyundo kutoka ndani, wamejaza matambara masikioni. Mzee mmoja aliniona akagusa bega la Kalenga. Alitoka, akafuta uso, akaona jinsi nilivyokuwa nalia, akajua.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Niliona."

Alikaa kwenye gurudumu la lori. "Ya kushoto ilikwisha zamani," alisema. "Ya kuume bado kidogo. Nakusikia kama radio ya jirani. Kama naona kinywa, nashika yote." Kisha, bila kunitazama: "Usiambie Papa Anselme. Huu muchezo njo kitu moja niko nayo."

Nilimpeleka hospitali. Alikubali kwa sharti kwamba nisimshike mkono njiani kama mgonjwa. Daktari, kijana mpole, alimwekea vyombo masikioni, akazungusha vitufe, na mimi nilikuwa nasikia mlio mwembamba ukitoka wakati uso wa Kalenga haubadiliki hata kidogo, anasubiri tu uanze. Daktari aliniangalia mimi badala yake. Alisema mshipa wa kusikia ukifa haufufuki, kwamba sikio la kuume litalifuata la kushoto, na kwamba aache nyundo. Kalenga alisoma midomo yake yote, akavaa kofia. Nje aliniambia daktari yule ni mdogo sana na shati lake halijapigwa pasi.

Kwa miezi iliyobaki tulikuwa na siri. Nilijifunza kucheza nikimwelekea yeye kila wakati, hata nikikoroga unga. Watu walidhani ni mapenzi, na hawakukosea. Tulipofika mahali pa kucheka, nilimshika mkono wa shati, na nikaushikilia mpaka kicheko cha watu kiishe, halafu nikauachia, naye akasema neno lake. Hakuwahi kukosea tena. Papa Anselme aliona amenyooka, akafurahi. Mama Juliane aliona mkono wangu, akaanza kutubakizia sisi wawili ukoko wa bukari, ambao zamani ulikuwa wa mumewe. Tulikula tumetazamana. Sijapata tangu hapo kutazamwa vile na mtu nikiwa natafuna. Lakini kila wiki ilibidi nifungue kinywa zaidi, na radio ya jirani ilikuwa inakwenda mbali. Nilikuwa naiona ikienda. Siku nyingine nilisali, siku nyingine nilimchukia Mungu, na hakuna hata moja kati ya hayo iliyorudisha sauti hata moja.

Yaliyotuvunja yalitokea Jumapili moja alasiri, katika msimu wa mvua, kwenye ukumbi mkubwa uliojaa mpaka madirishani. Mvua ilikuwa inapiga, kwa hiyo walifunga mbao za madirisha. Tulifika mwisho, mahali pa kitanda. Umeme ukakatika. Lilikuwa giza la kutia kidole jichoni.

Watu wa mji huu wamezoea. Walipiga miluzi, wakatulia, wakangoja tuendelee. Nikasema neno langu. Kalenga hakujibu, maana kinywa changu hakikuwepo tena. Nilimshika mkono wa shati nikimaanisha subiri, nikauachia nikimaanisha sema, na yeye akafikiri bado tuko nyuma. Akarudia maneno aliyokwisha kuyasema, kwa sauti yake yote. Ukumbi ukalipuka. Nilimvuta anyamaze. Akafikiri namwambia aseme tena, akasema tena, kwa nguvu zaidi, juu ya kicheko, kama mtu anayegombana na mvua. Kadiri alivyorudia ndivyo walivyocheka, na mimi niko gizani, namshika, namwachia, sina alfabeti nyingine. Mtu mmoja akafungua mlango mkubwa ili mwanga uingie. Kalenga aliona watu wote vinywa wazi, wengine wanamwonyesha kwa vidole, wanajifuta machozi, wakati yeye hakuwa amesema neno la kuchekesha. Alinigeukia.

"Banacheka nini?"

Mbele ya watu wale wote hakukuwa na jibu la kuonyesha kwa midomo. Alivua aproni ya seremala, akaikunja, akaiweka juu ya kitanda, akapita katikati ya watu akatoka kwenye mvua. Walisimama wakampigia makofi mpaka mlangoni. Walidhani ndio mwisho wa mchezo, na walituambia baadaye kwamba haujapata kuwa mzuri vile.

Hakurudi kazini wala nyuma ya parokia. Tulisikia amekwenda Lukafu, kwa mjomba wake, kulima. Nilingoja mpaka barabara ilipokauka, kisha Mama Juliane akasema yeye ananisindikiza, maana msichana haendi kumtafuta mwanaume peke yake. Tulipanda juu ya lori, tumekaa kwenye mifuko. Tulimkuta shambani anainua matuta ya mihogo. Mjomba wake alitupokea vizuri, akatuma tupewe munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi, na Mama Juliane akabaki naye kivulini akiuliza habari za mavuno ambayo hayakumhusu, ili mimi niende.

Kalenga aliniona nikija, akaegemea jembe. Alikuwa amekonda. Radio ilikuwa imezima kabisa. Nilijua kwa sababu sauti yake haikuwa na kipimo tena.

"Umevaa ile viatu mubaya," alisema.

"Nimekuja kukuchukua."

"Kunipeleka wapi?"

"Kwetu. Uko na macho. Mimi niko na kinywa. Tumefanya mwaka nzima vile, hakuna muntu alijua."

"Na usiku?" aliuliza. "Taa ikizima utaniambia kitu namna gani? Mutoto akilia, atalia na nani? Weye unapenda kuongea, Bea. Unaongea ukiosha sahani, unaongea ukienda, unaongea na mugongo. Nilikuangalia. Kila siku ulikuwa nageuka juu yangu kama alizeti. Utachoka. Hautasema, lakini nitaona kwa kinywa."

"Sitachoka."

"Muke kama weye anaomba muntu wa kumusikia."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga juu ya lori tangu Lubumbashi, mazuri, yenye hoja, ya kuchekesha na ya kuliza, na kinywa changu hakikuwahi kushindwa na mtu. Nilivuta pumzi nianze. Kalenga alinitazama kidogo, kisha akafumba macho.

Ndivyo tu. Alisimama pale katikati ya matuta, mikono juu ya mpini, macho ameyafumba kama mtoto anayekataa dawa. Nilisema jina lake. Nilipiga kelele mpaka Mama Juliane akasimama kule kivulini. Nilimshika mkono wa shati, akautoa taratibu bila ukali. Niliona machozi yakipita chini ya kope zilizofungwa, na hakuzifungua. Hakukuwa tena na njia hata moja ya kumfikia. Nimekaa na wagonjwa, nimezika mume mzuri, mwalimu aliyenisikiliza miaka mingi bila kuchoka. Sijapata tena kuwa mnyonge kama nilivyokuwa katika shamba lile mchana ule, nina kila kitu cha kusema, mbele ya mtu aliyekuwa anakitaka. Mama Juliane alikuja akanichukua. Mjomba alitupa mkungu wa ndizi. Tulirudi.

Sasa alikuwa amekaa pale Ruashi, mwisho wa turubai, na mwana wake mkubwa amesimama karibu. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, usoni, ili anione vizuri. Alinitazama muda mrefu.

"Umenenepa," alisema. "Ni vizuri. Ulikuwa mukavu sana." Kisha akaona jua limenifikia, akainuka, akakivuta kiti changu pamoja na mimi ndani ya kivuli, akilalamika kwamba watu wa siku hizi hawajui kufunga turubai.

Mwana wake aliniambia kwa adabu, "Mama, babaangu anaongea na nguvu. Hajisikii. Utusamehe." Nikamwambia hakuna shida. Tuliulizana habari za watoto. Mke wake yuko Lukafu, anaumwa magoti. Chai ikaletwa. Ndani wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa wafu, polepole, na wanaume walikuwa wanazungumza habari za kaburi. Kalenga aliinama karibu na mimi, akaweka mkono pembeni ya kinywa kama mtu anayetaka kunong'ona, akasema kwa sauti iliyovuka lupango, ikavuka ukuta, ikafika kwa majirani:

"Mwaka ile nilikupenda sana, Bea. Sana. Sikupata kukuambia."

Wimbo ulikatika. Wanaume walinyamaza, kikombe kikabaki hewani. Mjane wa Papa Anselme alitokea mlangoni, kanga mabegani, akatutazama. Mwana wa Kalenga aliinamisha kichwa kwa aibu. Kalenga peke yake hakujua. Alikuwa ananitazama kinywani, anangoja, ametulia, ana hakika kwamba ni sisi wawili tu.

Sikumwambia kwamba wote wamesikia. Nilimjibu bila sauti, kwa midomo tu, polepole, neno moja moja, na katika watu wote wale waliotega masikio hakuna aliyepata kitu. Yeye alipata. Aliyasoma mpaka mwisho, akakunja uso vilevile, akasukuma kikombe kuelekea kwangu.

"Bon," alisema. "Kunywa chai, inapola."

Ndani, Mama Juliane akaanzisha wimbo upya.